Mpiga Lipu wa Zohali

Lazhar hakuwa na ugomvi na nyota. Zilikuwa huko juu, naye alikuwa huku chini kijijini kwetu Beni Zelmat, kila mtu na lake. Ugomvi wake ulikuwa na watu wazima, wenye kazi na watoto, wanaoshuka kwenye basi mwezi wa saba jua likichoma, wamevaa majoho meusi mpaka miguuni, kisha wanaubusu ukuta alioupiga lipu yeye kwa mkono wake.

Maana ule mji wa ajabu ulioko nje ya kijiji chetu, wenye makuba manane na mnara uliopinda, ni kazi yake. Miaka ishirini na mitano iliyopita walikuja watu wa sinema na malori kumi na moja, wakauliza mpiga lipu, wakaelekezwa kwa Lazhar. Wakampa mchoro, mbao, wavu wa kuku na magunia ya jasi, wakamwambia awatengenezee mji ulioko kwenye mwezi mmoja wa sayari ya Zohali. Akautengeneza kwa wiki tano. Walipomaliza filamu yao, Wachota Maji wa Zohali, wakaondoka, mji wakatuachia. Tangu hapo mashabiki hawajaacha kuja, kutoka Tunis, kutoka Sfax, na kutoka nchi ambazo sisi tunazisikia kwenye mpira tu. Lazhar alikuwa akikaa kwenye kivuli cha kuba la tatu akiwakebehi. Siku moja aliwabandulia kipande cha ukuta ili waone kwamba ndani ni wavu wa banda la kuku. Wakapanga foleni kupiga picha na ule wavu. Akasema watu hawa hawana dawa.

Filamu yenyewe hakuwahi kuiona. Ilipofika sinema ya mjini Tataouine mwaka uliofuata, nusu ya kijiji ilikodi magari kwenda kuitazama, na mkewe Yamna akataka kwenda pia. Alikuwa na haki yake, kwa kuwa yumo ndani. Alimbembeleza siku tatu nzima.

"Nijione tu, Baba Rim," alisema. "Nijione mara moja nirudi."

"Utajiona nini, na umefunikwa gubigubi?"

Basi hawakwenda. Lazhar alisema sinema hizo ni za watoto na vichaa, akaenda zake kulala. Yamna akachambua dengu mpaka jioni, hakulizungumza tena jambo hilo.

Na kufunikwa kwenyewe alikutaka Lazhar. Watu wa sinema walihitaji wanawake wa kusimama sokoni kama wakazi wa huo mwezi, wanaume wetu wakakaa kikao, wakatoa sharti: wanawake wetu watatoka, lakini hakuna uso utakaoonekana, na liandikwe kwenye karatasi. Tulijiona wajanja sana siku ile. Mwongozaji alipomwona Yamna alisimama akamtazama, kisha akamtuma mkalimani amwombe mumewe kwamba huyu mmoja tu aache uso wazi. Lazhar alikataa kabla mkalimani hajamaliza kusema. Yamna akafunikwa kitambaa kizito cha bluu kuanzia utosini, chenye vioo viwili mahali pa macho, akapewa mtungi, akawekwa kando ya kisima.

Siku ya nne ya kupiga picha, joto likiwa halisemeki, Yamna alishikwa na kiu. Kamera ikiwa inapiga, akakikunja kitambaa kwenda juu anywe maji. Lazhar alikuwa juu ya ngazi akiziba ufa. Aliruka chini na mwiko wake mkononi, akakimbia akipiga kelele. Kwa anavyokumbuka, alimkuta ameshamaliza kunywa na kitambaa kimesharudi mahali pake. Yakatokea maneno, mwongozaji akarusha kofia chini, kazi ikaanzwa upya. Lazhar alikaa siku mbili bila kusema na mkewe, na akajiona mwanamume kwelikweli.

Yamna alifariki miaka miwili iliyopita, milozi ikichanua. Figo. Hakuacha picha hata moja. Kwenye harusi zetu kamera haziingii kwa wanawake, na picha ya studio, ambayo kila mtu alipiga akioa, Lazhar aliiita upuuzi. Uso wake ulibaki mahali pamoja tu, kwenye kitambulisho. Na asubuhi baada ya mazishi Lazhar mwenyewe alikipeleka ofisini kuandikisha kifo, karani akakipokea kama ilivyo kawaida, akakitia kwenye droo. Wiki ikapita ndipo Lazhar akashtuka. Alirudi mbio, akaambiwa kwa upole kwamba vitambulisho vya marehemu hukatwa vipande. Alirudi nyumbani na stakabadhi.

Mwanzoni hakuona shida, kwani alikuwa naye kichwani. Ila uso wa mtu haukai, nyie. Kwanza ulimtoka mdomo, baadaye nyusi. Alijua Yamna alikuwa na doa jeusi karibu na kidevu, akawa hana hakika ni upande gani. Ikabidi ampigie simu binti yake Rim, anayeuza dawa Tataouine. Rim akasema kushoto. Baada ya saa moja akapiga tena akilia, akasema au kulia, Baba, sijui.

Huyo Rim ndiye aliyeleta habari. Alikuja siku ya Ijumaa na kilo mbili za samaki, akamkalisha baba yake chini. Mashabiki walikuwa wanaadhimisha miaka ishirini na mitano tangu filamu yao ipigwe kwenye Nyumba ya Utamaduni ya mjini, Jumapili baada ya adhuhuri. Wangeionyesha yote, na mwishoni wangeonyesha vipande vilivyotupwa, ambavyo vimekutwa kwenye makopo nyumbani kwa mwongozaji na havijawahi kuonwa na mtu.

"Kuna kimoja kwenye orodha wanakisubiri kuliko vyote," Rim alisema. "Mama wa Kisimani anafunua kitambaa anywe maji. Wamebishana miaka yote kuna nini chini yake."

"Mama wa Kisimani ndiye nani?"

"Ni mama, Baba."

Lazhar aliinuka, akaenda kutafuta kofia yake nyekundu nzuri, na hiyo ilikuwa bado Ijumaa.

Jumapili ukumbi ulijaa majoho, helmeti za karatasi na panga za plastiki. Zamani angecheka mpaka akae chini. Sasa alipita katikati yao ameinamisha kichwa, kama mtu aliyekwenda kuomba kitu kwa watu aliowatukana. Kwenye kiti cha pembeni yake alikaa binti mmoja mwanafunzi wa udaktari wa meno kutoka Sfax, jina lake Takwa, amejifunika kitambaa cha bluu chenye vioo viwili. Lazhar alimtazama muda mrefu. Kisha akamwomba radhi, akakifungua kifundo alichokuwa amekifunga begani na kukifunga upya upande wa nyuma, kinavyotakiwa. Takwa akamuuliza amejuaje. Akasema amejua tu.

Taa zikazimwa. Nusu saa ya kwanza Lazhar alikuwa Lazhar yuleyule. Alimnong'oneza Rim kwamba nyota zile ni matundu kwenye kitambaa cheusi, na kwamba moto hauwezi kuwaka mahali pasipo na hewa. Rim akamfinya. Lakini akatokea nahodha wa chombo cha angani, bibi mmoja mkorofi mwenye jino moja la fedha, anayeiba barafu kutoka kwenye pete za Zohali kuwapelekea watu wenye kiu, huku meli za watoza ushuru zikimfukuza. Chombo chake kinavuja kila mahali, anakiziba kwa vitambaa na matusi. Na Lazhar, aliyeishi maisha yake yote akiziba nyufa za watu wavivu, akajikuta anamwelekeza. Si hapo, bibi, akasema kwa sauti, chini yake, chini. Watu wa mbele wakageuka wakicheka.

Ndiyo hivyo, filamu ikamchukua. Chombo kilipoanguka kwenye mji wake, aliinua miguu yake yote miwili ili kisimgonge, na wakati huo anajua kabisa kwamba lile kuba la tatu ni wavu wa kuku. Alikula halua ya tende ya Takwa nusu boksi bila kukaribishwa. Mtoza ushuru mkuu alipotumbukia kisimani alipiga makofi kuliko vijana. Na katikati ya raha ile likamjia wazo lililomkata maini: kwamba hiki ndicho Yamna alichomwomba siku tatu. Saa mbili za kukaa kiti kwa kiti na kucheka. Angempa akapungukiwa nini?

Mama wa Kisimani alipotokea, ukumbi mzima ulisimama. Hakuwa na neno hata moja. Nahodha anafika anatambaa, ulimi nje, Mama anammiminia maji, nahodha anatoa pete yake alipe, na Mama anaweka kiganja kifuani na kutikisa kichwa. Vijana mia mbili wakaweka viganja vifuani kwa pamoja. Lazhar aliujua mkono ule. Ndivyo Yamna alivyokuwa akikataa pesa za jirani aliyekuja kuchukua unga. Hakuna aliyemfundisha kufanya vile, alikuwa yeye tu. Lazhar akalia, na hakuona haya, kwa sababu Takwa naye alikuwa analia ndani ya kitambaa chake.

"Nani aliyeigiza, hatujawahi kujua," Takwa alimwambia. "Jina lake halimo mahali popote."

"Yamna," Lazhar akasema. "Mke wangu."

Habari ikapita viti kwa viti kabla ya dakika moja. Wakaja kumshika mkono, mwenye helmeti akaivua. Wakampeleka mstari wa mbele kabisa na Rim pembeni yake, wakamwambia sasa, ami, sasa ndiyo tutamwona. Lazhar alimshika Rim mkono. Alimwambia aangalie doa, aangalie vizuri ni upande gani, maana macho yake yeye si ya kuaminiwa tena.

Vipande vikaanza. Taa iliyoanguka, ngamia aliyegoma, nahodha aliyesahau maneno yake. Halafu soko, kisima, na Yamna amesimama na mtungi karibu sana, amejaza ukuta mzima wa kuonyeshea picha. Akatua mtungi. Akachota maji kwa bakuli. Mkono wa kushoto ukashika upindo wa kitambaa, ukaanza kukikunja kwenda juu taratibu. Ikaonekana shingo yake, na mkufu mwembamba ambao Lazhar alikuwa ameshausahau.

Na hapo mgongo wa mtu ukajaza picha yote. Mtu mwenye shati lililojaa jasi, mwiko mkononi, ametanua mikono yote miwili mbele ya kamera kama anayezuia mbuzi. Alisimama hapo hapo, akipiga kelele zisizosikika. Alipoondoka, kitambaa kilikuwa kimesharudi, na bakuli lilikuwa tupu.

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Si cha ubaya, wale watoto hawakujua. Walipiga miluzi wakimshangilia fundi aliyepotea mpaka mwezi wa Zohali na mwiko wake. Takwa peke yake ndiye aliyekitazama kile kisogo cha kwenye picha, akakitazama kisogo kilichokuwa mbele yake, akaacha kucheka.

"Rudisha," Lazhar akasema.

Wakamrudishia. Upindo ukashikwa, shingo, mkufu, mgongo. Akaomba tena. Mtu wa mashine akasimamisha picha pale mgongo unapoingia, akarudi nyuma kidogo kidogo, kipande kwa kipande, na kicheko kikaanza kuisha ukumbini kadiri walivyokuwa wakielewa. Hapakuwa na hata picha moja katikati. Kitambaa kilifika kidevuni, na kidevu kilipotaka kutokea, fundi alikuwa ameshafika.

"Baba, twende," Rim akasema.

"Mara moja tu."

Ilikuwa mara ya tano au ya sita. Lazhar aliinuka na kofia yake mkononi, akausogelea ukuta mpaka kivuli chake mwenyewe kikaanguka juu ya picha, akawa anausukuma ule mgongo kwa kiganja.

"Toka hapo, mjinga wewe," alimwambia. "Mwache anywe maji."