Mkono wa Sajini

Picha ile ilikuwa ukutani kwa baba, kijijini Unyambwa, tangu nikiwa mdogo. Baba amesimama na wenzake sita kando ya handaki, wakati wa vita vya Uganda, wote wamevaa kombati. Hakuna mwenye V mkononi wala nyota begani.

Baba alituambia kwamba wakati huo alikuwa sajini. Mimi sikumwamini. Sajini ana V tatu, hilo hata mtoto analijua. Nikajiridhisha kwamba mzee alikuwa mpishi tu, na usajini alijipachika mwenyewe aliporudi. Sikumwambia, lakini tangu hapo nilikuwa namheshimu nusunusu, na naona haya kuliandika hilo.

Alikuwa na jambo jingine lililotukera. Alikuwa hapungi mkono. Ukimwamkia kutoka upande wa pili wa shamba la alizeti, ataitikia marahaba kwa sauti, mikono ameifunga nyuma. Mama alisema ndivyo alivyorudi kutoka jeshini. Sisi watoto tulisema ni maringo.

Mwaka jana walikuja wageni kutoka Ikungi kumposa binti yangu, na mazungumzo tukayafanyia kwa babu yake. Mambo yalikwenda vizuri. Wakati tunasubiri chai, baba mkubwa wa kijana akaitazama ile picha na kuuliza mzee alikuwa na cheo gani. Baba akajibu kwamba hapo alikuwa sajini.

Nilikuwa nimekunywa soda tu, kwa hiyo siwezi kusingizia pombe. Nilitaka wakwe wanione mcheshi.

"Sajini gani asiye na hata V moja?" nikasema. "Hapo mzee alikuwa anasonga ugali."

Wageni wakacheka, nami nikacheka kuwazidi. Baba hakucheka. Aliinuka, akaishusha picha, akanipa na kuniambia nitazame mkono wa shati lake. Nikaisogeza dirishani. Palikuwa na V tatu, zimekolea rangi kuliko sehemu nyingine ya shati, mahali ambapo jua halikupafikia mpaka alama za cheo zilipobanduliwa. Miaka yote hiyo nilikuwa napita mbele ya picha ile, na sikuwahi kuitazama kwa makini.

Kisha akaeleza, bila kuniangalia. Kabla ya kusogea mstari wa mbele ilitolewa amri kwamba kila mtu atoe alama za cheo chake. Adui alikuwa anamtafuta anayeongoza, kwa sababu kikosi kikikosa kiongozi kinatawanyika. Wembe mmoja ukazunguka handaki zima, wakafumua nyuzi. Kapteni wao naye akatoa nyota zake, akazitia mfukoni. Ikaongezwa amri ya pili, kwamba huko mbele hakuna kupigiana saluti.

"Asubuhi yake kapteni akapita pale kwetu," baba akasema. "Mkono wangu ukapanda wenyewe. Mazoea. Nikampigia saluti kama niko kambini."

Mgeni akauliza polepole ikawaje.

"Risasi ilimpata kabla sijaushusha."

Mama alikuwa mlangoni na chupa ya chai, na usoni nilimwona kwamba naye alikuwa anayasikia kwa mara ya kwanza. Miaka zaidi ya arobaini baba alikuwa amelibeba jambo hilo peke yake, na mimi nilimlazimisha kulitua mbele ya wageni, ili tu nichekeshe watu. Nilitamani ardhi ipasuke.

Posa ilikubaliwa. Wageni waliondoka wakimshika baba mkono kwa mikono yao miwili, na mimi wakaniaga kwa adabu tu. Walikuwa na haki.

Jioni nilimfuata baba kwenye zizi la ng'ombe kumwomba radhi. Nilianza vibaya, nikasema sikujua. Aliendelea kufunga lango kwa kamba hadi akamaliza.

"Ulitaka kujua cheo changu," akasema. "Sasa umekijua."

Hakusema kwa hasira, na ingekuwa nafuu kwangu kama angesema kwa hasira. Nikawasha pikipiki kurudi mjini. Nilipofika kwenye kona niligeuka kumpungia, kama kawaida yangu. Mkono ulifika usawa wa kifua, nikaushusha. Baba alikuwa amesimama palepale, ananitazama, mikono ameifunga nyuma.