Mama Aliyezikwa Sura ya Tisa

Saa mbili asubuhi, Bi Chapa anavaa miwani, anapuliza vumbi kwenye kibodi na kufungua bahasha ya kaki. Ndani mna sura ya kumi na nne ya riwaya, kurasa kumi na moja za kalamu ya risasi.

Huu ni mwaka wake wa ishirini na mbili akiwa mpiga chapa wa jarida hili la fasihi, linalotoa riwaya za mzee mmoja, sura moja kila mwezi. Mwandiko wa mzee ni kama kuku amepita, na ofisi nzima anauweza Bi Chapa peke yake.

"Mhariri mwenyewe akiuona anaomba maji," ananiambia, anacheka.

Kicheko hakidumu. Ukurasa wa tatu, mama wa riwaya anaingia jikoni na kumuuliza mumewe kama amelala salama. Mama huyo alikufa sura ya tisa. Bi Chapa ndiye aliyechapa mazishi yake, huku akijifuta machozi.

Alifufuka pia sura ya kumi na mbili. Siku hiyo Bi Chapa alimpigia mzee simu, akidhani amepitiwa tu.

"Nikamwambia, baba, huyu mama si ulishamzika? Akauliza, 'Nimemzika? Lini?' Akaangua kilio, mwanangu, kama msiba umemfikia dakika ile. Nilijuta kuwa na mdomo."

Baadaye binti wa mzee alimweleza: kumbukumbu zinamtoka baba, na mama wa riwayani ni mkewe, aliyefariki miaka miwili iliyopita.

Katika sura ile ya kumi na mbili, Bi Chapa alimfuta mama kimyakimya. "Nilijiona muuaji," anasema.

Baada ya hii imebaki sura moja, ya mwisho. Mhariri ametoa mwezi mmoja. Isipofika, riwaya itakatishwa hapo ilipo. Lakini mzee hajaandika hata mstari wa sura hiyo.

Jumamosi Bi Chapa atabeba kompyuta ya ofisi hadi nyumbani kwa mzee. "Atasimulia, nitachapa. Akichoka, tutanywa chai, tutaendelea. Nataka aimalize angali anajua ni yake."

Na mama je, namuuliza?

"Akimtaja hai, atachapwa hai. Mhariri nitagombana naye Jumatatu."

Anausogeza ukurasa wa tatu karibu na taa. Safari hii hafuti. Anachapa: mama anaingia jikoni.