Madoa Yaliyodhaniwa Chaki

Mama Pindo, fundi wa sare aliyewavisha watoto wa shule tatu kwa miaka thelathini na nne, binti wa mshona magodoro, mjukuu wa mwanamke aliyeshona mahema ya jeshi kwa sindano ya mkono: huyo ndiye mdogo wangu, tumbo moja. Sifa nammwagia kwa kuwa anazistahili. Na kosa nitakalolieleza ni lake pia, sitalifunika.

Mjukuu wake, mtoto wa mwanawe wa kiume, alipofika miezi mitano alianza kuinamisha kichwa ghafla, mikono ikiruka mbele, mara kumi, mara kumi na tano, hasa akitoka usingizini. Sisi tukacheka. "Ana adabu huyu, anaamkia wakubwa!" Mkamwana peke yake hakucheka.

"Mama, macho yake yanapotea," alisema.

Kule kuinama kukazidi, mtoto akaacha hata kutabasamu, na Mama Pindo akageuka mbogo. "Kwetu hatuna kifafa. Katafute kwenu!" Akalisema sokoni, akalisema mbele ya binti zake, mawifi wa mkamwana, mpaka mkamwana akafunga nguo zake kwenye shuka ili arudi kwao na mtoto. Nikamwambia mdogo wangu, "Kabla hajavuka kizingiti, twende hospitali kubwa. Daktari akisema ni kwao, mzigo wake nitaubeba mimi mpaka kituoni."

Tukaenda sote. Daktari, binti mwembamba mwenye miwani, alimvua mtoto nguo zote, akafunga pazia, akamulika ngozi kwa taa ya buluu. Mgongoni yakatokea madoa meupe, marefu kama majani. Akauliza kama yupo mwingine mwenye madoa hayo. Baba mtoto akavua shati taratibu. Alikuwa nayo matatu chini ya bega.

"Kumbe hiyo si chaki!" mdogo wangu akaropoka, kisha akaziba mdomo.

Kijana huyo alipokuwa mchanga alikuwa akilazwa chini ya meza ya kukatia vitambaa. Mama yake aliona weupe ule, akamfuta kwa kitambaa kibichi, kesho yake akamfuta tena, mwishowe akaamua chaki ya kuchorea nguo imemwingia ngozini. Akaendelea na kazi.

Daktari akamsogelea Mama Pindo. Akatazama vipele vya puani na mashavuni, ambavyo tangu usichana tuliviita chunusi sugu. Akatazama vinyama vilivyoota ukingoni mwa kucha.

"Hivyo ni vya sindano," mdogo wangu akasema.

"Naomba uvue viatu, mama."

Akavua. Vidoleni vilikuwepo vilevile.

"Na huku unashonea?"

Hata mkamwana alicheka kidogo. Kisha daktari akatueleza bila haraka. Ugonjwa huu mtu huzaliwa nao, na mzazi aliye nao anaweza kumrithisha mwanawe. Huotesha vinundu kwenye ngozi, kwenye ubongo, na mara nyingine kwenye figo. Mmoja humgusa juu juu, mwingine humshika ubongo. Kila mtoto wa mwenye nao ni kama kurusha sarafu. Si laana, wala hakuna aliyekosa. Kule kuinama ndicho kifafa chenyewe cha watoto wachanga, na dawa ingeanza siku ileile.

"Mngechelewa zaidi..." akasema, asimalize.

Ukumbini Mama Pindo alisimama mbele ya mkamwana. "Mwanangu, nimekupaka matope. Wewe ndiye uliyeona, mimi nikakufukuza. Sokoni nitakwenda mwenyewe kuyafuta."

Mkamwana alimpa mtoto amshike, akaanza kusoma kikaratasi cha dawa.

Mama Pindo, mjukuu begani, akamgeukia mwanawe.

"Dada zako wana watoto watano. Kuanzia kesho wapitishe wote kwenye ile taa, dada zako na watoto wao, mmoja mmoja. Wakikuuliza ugonjwa umetoka wapi, usimung'unye maneno. Waambie umetoka kwa mama yenu."