Saa Tisa Zisizoandikwa

Kwa miaka kumi na tisa mkata tiketi huyu alikaa nyuma ya dirisha lenye tundu la kupitishia mkono, chini ya kibao chekundu cha safari ya basi hadi mji wa mbali alikozaliwa: kilomita elfu moja mia mbili na kumi, saa kumi na nne. Wapagazi wa stendi walimwita Mama Kumi na Nne. Hakuna dereva aliyewahi kufika kwa muda huo. Mwepesi kuliko wote alitumia saa ishirini na tatu, na ofisi nzima ilijua.

"Ukweli haujazi gari," meneja alizoea kusema, na aliyetaja saa nyingine alifungashwa virago. Mkata tiketi alikuwa na watoto watatu. Akasema kumi na nne, hata kwa ndugu zake wa mji ule wa mbali. Kila alipokwenda kumsalimia mama yake akafika mchana badala ya alfajiri, alisingizia pancha.

Jumanne asubuhi, kabla hajafungua dirisha, mjomba wake akapiga simu. Mama alikuwa amefariki.

"Tunazika kesho saa nne asubuhi," alisema mjomba. "Gari lenu linaondoka saa nane mchana, saa kumi alfajiri uko hapa. Utamuaga mama yako bila pupa."

"Mjomba, nisubirini hadi saa nane mchana. Gari halifiki alfajiri. Linafika saa saba."

"Si wewe uliyetuambia saa kumi na nne?"

"Nilidanganya. Kazini tunalazimishwa."

"Na zile pancha?"

"Hazikuwapo, mjomba."

Mjomba akasema kwa upole, "Mwanangu, uchungu wa mama unavuruga akili. Panda gari, acha maneno. Watu wameshaambiwa saa nne." Akakata.

Alipiga tena mara sita. Haikupokewa. Akamkimbilia meneja mezani, akamwekea simu mbele ya kikombe chake cha chai. "Bosi, mjomba wangu hataki kuniamini. Wewe ni mtu wa ofisi, atakusikia. Mwandikie tu: saa ishirini na tatu."

Meneja aliitazama simu kana kwamba inauma. "Niandike kwa mkono wangu kwamba kibao kinaongopa? Huo ni ushahidi, dada. Pole sana kwa msiba. Chukua kiti cha mbele, bure."

Ndivyo walivyo wenye mabasi: watakupa kiti, neno moja la kweli hawakupi.

Alikichukua. Njia nzima alimsihi dereva akanyage mafuta.

"Dada, nikikanyaga zaidi ya hapa tutazikwa sisi kabla ya mama," alijibu dereva, wala hakucheka.

Kulipokucha alituma ujumbe: nisubirini, nawaomba, muda wa saa tatu tu zaidi. Mjomba alijibu mara moja: Umekwama wapi tena? Pancha?

Saa nne ilipogonga, basi lilikuwa kwenye foleni ya malori, kabla ya daraja. Mkata tiketi akainuka, akasimama katikati ya njia ya abiria, mikono ameishusha.

"Mama, kaa," alisema kondakta. "Bado kilomita mia na sitini."

"Najua," alisema. "Wanazika sasa hivi."

Akabaki amesimama.