Chupa ya Mwaka wa Mvua

Mwaka 1974, nikiwa na miaka kumi na moja, baba alifariki. Shule ikaishia darasa la tatu, nikamfuata mjomba porini kurina asali na kupika wanzuki, pombe yetu ya asali. Msinionee huruma. Waliomaliza shule nawajua, na hali zao nazijua.

Mwaka 1995 nikapata kibarua kwenye kambi ya uwindaji, nje kidogo ya hifadhi ya Katavi. Kazi yangu kufua na kugawa vinywaji. Meneja aliniahidi: wageni wa msimu ule wakiondoka wameridhika, naajiriwa moja kwa moja. Nilikuwa na mke, watoto watatu na kibanda cha nyasi mtaa wa Majengo. Ile ajira niliitaka kweli kweli.

Mgeni mkubwa alikuwa Mfaransa, amekuja na mkewe na sanduku la mvinyo mwekundu wa Bordeaux. Mchana, wakila, akatupa somo, meneja akitafsiri. Kwao huko mashamba makubwa ya zabibu yamepangwa madaraja, la kwanza mpaka la tano, tangu enzi za mababu, na kushushwa ni kama hakuna. Nikasema moyoni, kumbe na wao wana machifu. Chupa aliyoshika ilitoka shamba la daraja la kwanza, mavuno ya 1992.

Akanipa nifungue. Kwetu mwenye kugawa pombe hunywa wa kwanza, mgeni aone haina sumu. Basi nikamimina kidogo kwenye glasi yake, nikanywa, nikampa kwa mikono miwili. Meneja akatoa macho. Mfaransa akacheka, akauliza naionaje.

"Chifu ni chifu," nikasema, "ila mwaka huo mvua iliwakuta wakivuna. Ina maji. Asali ya mwaka wa mvua iko hivi hivi."

Maneno yangu yalikuwa mengi, meneja akayatafsiri kwa mawili. Mfaransa akanipigia makofi.

Mkewe akaangua kicheko. Kumbe alikulia Bujumbura, Kiswahili anakijua.

"Meneja, mbona hujamaliza? Baba huyu amesema ina maji! Na mimi nilimwambia mume wangu palepale dukani, tisini na mbili ilinyesha. Akaniambia nisome jina la shamba!"

Akamtafsiria mumewe yote. Bwana akaonja, akaisukuma glasi.

Baada ya chakula meneja akaniita jikoni. "Umemtukana mgeni."

"Nimeitukana mvua."

"Basi nenda kaajiriwe na jua."

Nikafunga mzigo. Wiki ile ile nikaanza kuchonga mizinga yangu mwenyewe, na asali nikaiuza kama wale Wafaransa: pori fulani, mwaka fulani, na mwaka mbaya nausema. Watu wa mtaa wa Makanyagio wakanicheka: "We baba, asali nayo ina mwaka?" Wakacheka huku wananunua.

Leo nina mizinga mia mbili na kumi, nyumba mbili Makanyagio, duka moja Majengo, ekari nane za mpunga kijijini Mamba, ng'ombe sita, pikipiki moja nzima na moja mbovu.