Matumbawe Yaliyoota Kasulu

Ukifika Kasulu mjini ukaulizia nyumba ya fundi Ridhiwani wa sola, utazungushwa. Wewe ulizia kwa Faudhia mwenye bahari, uone kama hata muuza ndizi hataacha ndizi zake akakusindikiza mpaka mlangoni. Na ndivyo inavyostahili. Sola ni za Ridhiwani, lakini bahari ni ya mkewe, asikudanganye mtu.

Faudhia ni Muha wa Kitahana, kule Kibondo, binti wa wakulima wa maharage na mihogo. Maji ya chumvi alikuwa hajayaona, sembuse kuyaonja, mpaka alipoolewa na Ridhiwani, kijana wa Pangani aliyekuja kufunga sola kwenye kambi ya wakimbizi ya Mtendeli, na kambi ilipofungwa yeye akabaki. Ridhiwani ana kaka yake, Khatibu, ambaye kazi yake huko pwani ni kuotesha matumbawe kwenye matangi na kuyapandikiza kwenye miamba iliyokufa. Basi huyo ndiye aliyewapa zawadi ya harusi: vipande vya matumbawe ya zambarau na kijani, pamoja na samaki wadogo wa rangi ya chungwa. Vikapanda ndege hadi Kigoma, kisha gari hadi Kasulu, vibali vyake vyote mkononi.

Bi Siti, mama yao Ridhiwani na Khatibu, hakumung'unya maneno. Alisema palepale kwenye shughuli, wakwe wamekaa, "Muha mnampa matumbawe ayafanye nini? Kilicho baharini kakingojee ufukoni. Huyu atayaua kabla mwezi haujaandama."

Faudhia aliyameza. Kuitwa mtu wa bara hakukumuuma, bara ni kwao na anajivunia. Kilichomuuma ni kwamba maneno yale yalisemwa mbele ya mama yake mzazi, na mama yake akainamisha uso. Akaapa moyoni kwamba yakifa matumbawe ya dunia nzima, haya hayafi.

Ridhiwani akaunda sanduku kubwa la kioo, akaliweka sebuleni. Akafunga pampu ya kuyazungusha maji, taa za buluu, na kifaa cha kuyapasha joto, kwa sababu baridi ya Kasulu ya mwezi wa saba si ya kuchezea. Maji yenyewe ni ya mvua, yamechujwa, yakatiwa chumvi maalumu. Watu wakaanza kumiminika.

Hapo ndipo balaa lilipoanzia, na lilianzia kwenye wema. Kwa Waha, mgeni hakai nyumbani kwako tumbo tupu. Sasa wale samaki, kila mtu akisogea, nao husogea kwenye kioo wakifungua midomo. Faudhia hakulelewa kupita mbele ya mdomo ulio wazi akajifanya hakuuona. Akatwanga dagaa wa Kigoma, akawa anawatupia asubuhi, mchana, na jioni. Wageni nao wakaingia na salamu zao za Kiha, "mwakeye", kila mmoja na unga wa dagaa kwenye pindo la kanga, asije akaonekana kaja mikono mitupu. Bibi mmoja alitaka kutia na tonge la ugali, akashikwa mkono.

Samaki walinenepa. Matumbawe yakaanza kupoteza rangi. Zambarau ikawa kahawia, kijani ikawa kahawia, na juu yake pakaota mwani mfano wa nywele, mrefu, wenye utelezi. Faudhia akiung'oa leo, kesho umerudi. Khatibu akipiga simu, anaambiwa wote wazima, hatujambo kabisa. Lakini mficha uchi hazai. Mwani ulipofunika nusu ya sanduku, akajikaza, akampigia shemeji yake akasema ukweli.

"Shemeji, unalima magugu humo ndani," Khatibu alimwambia. Akamfafanulia taratibu kuwa chakula kisicholiwa na mavi ya samaki huoza, na kuoza kwake huyajaza maji naitreti na fosfeti, yaani virutubisho vilevile vilivyomo kwenye mbolea ya dukani. Ndani ya nyama ya tumbawe wanaishi vijimwani vidogo visivyoonekana kwa macho, na hivyo ndivyo vinavyompikia chakula kwa mwanga. Ukivipa mbolea ya kupita kiasi vinazaana ovyo mpaka vinaifunika rangi ya mwenye nyumba, na mwani wa nje nao unakuja kummaliza.

Kumwambia binti wa Kitahana kwamba analima magugu ni tusi zito kuliko unavyodhani. Faudhia alikaa chini akalia.

Ridhiwani akaona zamu yake imefika. Fundi naye, akishika jambo, kiasi hakijui. Akawapiga marufuku wageni wote wenye dagaa. Akasugua, akabadilisha maji, akatia chujio la kufyonza fosfeti, na lilipofanya kazi akaongeza jingine. Samaki wakawa wanapewa chembe za kuhesabika. Siku kile kichupa cha kupimia, unachotia maji na matone usome rangi, kiliposema hakuna kitu, si naitreti, si fosfeti, alitoka nacho barabarani kuwaonyesha majirani utadhani kazaa. Maji yalikuwa meupe kiasi kwamba ungeapa samaki wanaelea hewani.

Na matumbawe yakazidi kuharibika. Kahawia iliondoka, ndiyo, lakini haikurudi zambarau. Yalipauka. Ncha zikawa nyeupe, na vile vikono vyake vidogo havikuchomoza tena.

"Bado kuna uchafu," Ridhiwani akasema, akashika brashi.

Faudhia akamshika mkono. Weupe ule alikuwa anaujua. Ndio ule wa maharage yaliyopandwa kwenye udongo uliochoka, yanayoota membamba, yenye majani ya njano.

"Mume wangu, haya yana njaa."

"Njaa ya nini, na wewe? Hukusikia kuwa yanakula mwanga?"

"Na maharage yanakula jua. Mbona tunayatilia samadi?"

Ridhiwani akachukua simu. Khatibu alicheka mpaka wakamsikia wote wawili. Akawaambia kwamba mmoja alitaka kuyaua kwa shibe na mwingine kwa njaa. Maji yasiyo na virutubisho kabisa huvidhoofisha vile vijimwani, na tumbawe likabaki kama ganda. Linataka kidogo tu, na kidogo hichohicho kila siku, maana hata kubadilikabadilika kwenyewe kunaliuguza.

Kuanzia hapo Ridhiwani akaambiwa akae na pampu zake. Faudhia akatoa chujio moja, akarudisha kijichakula kidogo, akawa anapima mwenyewe na kupandisha polepole. Hata wageni aliwatafutia dawa. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe: ukileta dagaa wako kwake sasa, wanakwenda jikoni, na wewe unapewa kitambaa ufute kioo. Taratibu zambarau ikachungulia, halafu ikakolea. Matumbawe yakatoa matawi, yakatambaa mpaka ukutani mwa kioo. Basi mwanamke huyu akawa anapita sokoni kwa mwendo ule wa mtu ambaye shamba lake limezaa, na sisi tukampisha.

Ulipopita msimu mmoja wa joto kali huko pwani, Bi Siti akatokea Kasulu. Alikuwa amechoka na safari. Chai hakuigusa. Aliketi mbele ya kioo, akatazama matawi yale kwa muda mrefu, na Faudhia amesimama nyuma yake, akingoja kusikia kasoro itakayotajwa.

"Ya Khatibu yamekufa," mama mkwe akasema bila kugeuka. "Maji yalipata moto, matumbawe yakageuka meupe, yakaisha yote. Aina hii hana hata kipande cha kuanzia. Alitaka kukupigia simu, nikamkataza. Nikamwambia nitakwenda mwenyewe." Akamgeukia. "Mkamwana, nimekuja kukuomba mbegu."

Kitahana, mwanamke aliyeharibikiwa shamba humwendea mwenye mbegu kwa miguu yake, akaomba kwa kinywa chake. Hatumi mtu. Na mwenye mbegu hamkumbushi alichosema mwaka jana. Mama yake Faudhia alikuwa akiwajazia vikapu hata waliomsengenya kisimani.

Faudhia alinawa mikono, akachukua mkasi.

"Kijipande tu kinatosha," Bi Siti akasema.

"Mama, kwetu mbegu hatutoi kijipande."

Akaliendea tawi kubwa kuliko yote, lile la zambarau, akamwomba mama mkwe amshikie ndoo.