Mkono Juu Kabla ya Mlio

Mume wangu alinivunja mkono asubuhi, chai ikiwa bado jikoni. Tumezeeka pamoja na hajawahi kunipiga hata kofi, si kwetu Kivu, si kambini, si hapa Sydney. Siku hiyo alinivuta kutoka mlangoni, akaniangusha chini na kunikanyaga kifundo cha mkono ili nisifungue. Nilisikia mfupa ukikatika kama kuni kavu.

"Lala, mama," akaninong'oneza. "Wamefika."

Kumbe waliofika walikuwa watu wa kufukuza ndege.

Majina ya wote ninaosimulia habari zao hapa ninayo kichwani, hata moja sijalisahau, lakini nitayaacha huko huko. Nyuma ya nyumba yetu kuna seng'enge, na ng'ambo ya seng'enge ni uwanja mdogo wa ndege wa kaunsili, baraza la mji. Si ule mkubwa wa kwenda ng'ambo. Hapa zilitua eropleni ndogo: za wanafunzi wa kurusha, za mizigo, na zile zinazoleta wagonjwa kutoka bara. Wanafunzi walizunguka juu yetu mchana kutwa hadi vikombe vikatetemeka kabatini. Jirani yetu mzungu alilalamika kila siku. Sisi tulizoea, na mume wangu alikuwa akitania, "Huyu wa leo amejifunzia kwenye baiskeli."

Ikaja korona. Eropleni zikapungua, uwanja ukawa kimya, na ndege wakauteremkia. Wale weupe wa mdomo mrefu wanaokula mapipani, na kasuku makundi kwa makundi, wote wakasimama kwenye njia ya kutua eropleni kama uani kwao. Ndege mmoja akiingia kwenye injini anaweza kuua watu. Kwa hiyo kaunsili ikatuma wafanyakazi na bunduki. Milio mingine ilikuwa ya kutisha tu, ilipasuka hewani. Mingine iliua. Hayo niliyajua baadaye. Barua walikuwa wameitupa kwenye sanduku letu, kwa Kiingereza, katikati ya makaratasi ya matangazo ya maduka.

Na siku hizo hizo sisi wa magharibi ya mji tulifungiwa ndani. Wanajeshi walipita na polisi, wakigonga milango kuona kama wagonjwa wako nyumbani. Basi fikiria: mbele ya nyumba wanajeshi, nyuma ya nyumba masasi ya bunduki. Mimi nilijua niko Australia. Yeye, kila mlio, alirudi kule walikotuulia watoto wetu wa kiume. Aliwalaza wajukuu kwenye bafu la kuogea, akawafunika godoro, akakaa mlangoni na panga la kukatia sombe, mihogo ya majani tuliyopanda nyuma.

Binti yetu, anayefanya kazi nyumba ya wazee kule Lidcombe, aliporudi akaona mkono wangu umevimba.

"Mama, niite polisi?"

"Hospitali useme nimeteleza. Wakija wamwone mtu mweusi na panga, watampiga risasi hapa hapa mbele ya watoto."

Hiyo ndiyo ilikuwa hofu yetu, kwamba mzee atafia mikononi mwa polisi baada ya kuokoka kote huko. Binti akapigia simu kaunsili. Baada ya muziki mrefu, mama mmoja akamwambia bunduki hazitasimama, kwa sababu wagonjwa lazima watue.

Basi nikaenda mwenyewe kwenye seng'enge, mkono kwenye plasta, binti akitafsiri. Mfanyakazi alikuwa na koti la njano, shingo nyekundu kama nyama, na kashne ya korona imefunika pua na mdomo.

"Sikujua kuna watu waliokimbia vita hapa," akasema tulipomweleza habari za mzee.

Nyuma yetu nikasikia nyayo. Mzee alikuwa amekuja na panga.

"Mwambie ashushe kashne."

"Papa, ni sheria wavae."

"Mwuaji ndiye anayeficha uso. Ashushe."

Yule mtu aliweka bunduki garini. Akarudi nyuma mbali, akashusha kashne. Uso mpana, ngozi imebabuka kwa jua, jino la mbele halipo. Mume wangu akamtazama mpaka macho yakamtoka machozi.

"Huyu si katika wale," akasema. "Wale nawajua wote."

Akachomeka panga ardhini, kando ya sombe, akaliacha.

Tangu siku hiyo, yule wa shingo nyekundu akawa anashusha kashne na kuinua mkono, ndipo anapiga. Mzee alikaa juu ya ndoo ya rangi, akijibu kwa mkono wake. Baadaye akaanza hata kumtukana: "Piga yule wa kushoto, kipofu weye!" Yule mtu hakuelewa maneno, akacheka.

Kisha asubuhi moja akaja mwingine. Kijana, kashne nyeusi mpaka chini ya macho, miwani ya jua. Akapiga karibu na seng'enge. Ndege mweupe akaanguka kwenye sombe yetu, bawa limening'inia, damu kwenye majani. Mume wangu akainua mkono, akangoja. Kijana akapiga tena.

Sijui mzee wa magoti mabovu aliruka vipi. Ngozi ya mapaja ilibaki kwenye waya. Alimpiga kijana jiwe la mdomo, akamkalia kifuani, akaendelea kupiga. Nililia mpaka sauti ikakauka. Polisi hawakuwa mbali siku hizo. Walimvuta, wakamlaza kifudifudi kwenye lami, mmoja goti mgongoni, mwingine bastola kichwani. Alipiga mateke. Aliita watoto wetu waliokufa, mmoja mmoja. Panga lilikuwa bado limesimama bustanini. Angekuwa nalo, leo nisingeandika haya.

Gari likaja kwa kasi. Yule wa shingo nyekundu akatoka akipiga kelele kwa polisi, kisha akalala naye pale chini, shavu kwenye lami, uso kwa uso. Akashusha kashne. Akainua mkono.

Mume wangu akaacha mateke.

Walimpeleka hospitali, halafu mahakamani. Kijana alipoteza meno, na sisemi halikuwa kosa. Hakimu alimrudisha mzee kwa waganga wa hospitali, na waganga wakamrudisha kwangu. Mkono wangu haujanyooka.

Siku ile walipoondoka naye, ndege alikuwa bado anapigapiga bawa kwenye sombe. Nikamsonga shingo kwa mkono mmoja.

Siku hizi mfanyakazi mpya akija huletwa kwanza kwenye seng'enge, uso wazi. Mume wangu humtazama, humtazama, kisha husema:

"Haya. Piga."